Ryokani ndogo ya Kannawa, Beppu: tathmini ya bafu na maji yake

Ukutani mwa chumba cha kuvulia nguo, juu ya vikapu, hutundikwa karatasi ambayo wageni wengi huipita bila kuiangalia. Mimi huanzia hapo. Ni cheti cha uchambuzi wa maji: joto lake yanapotoka ardhini, kiwango cha asidi, sodiamu, kloridi, salfeti, silika (madini yanayounda mchanga), siku yalipopimwa na maabara iliyoyapima. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 ndiyo inayoamua maji gani yanastahili kuitwa onseni, yaani maji ya chemchemi ya kuogea: ama yatoke na joto la digrii 25 au zaidi, ama yawe na kiasi kilichowekwa cha angalau kimoja kati ya vitu 19 vilivyotajwa katika sheria hiyo. Mwaka 2004 iligundulika kwamba baadhi ya mabafu yalikuwa yakitia unga wa rangi majini ili yafanane na maji ya chemchemi, na kuanzia 2005 kila mwenye bafu akalazimika kutangaza mambo manne: kama anaongeza maji baridi, kama anayapasha moto, kama anayazungusha kwa pampu na kuyarudisha tena, na kama anatia dawa. Kwenye ryokani ninayoieleza hapa, nyumba ya wageni ya Kijapani iliyo mtaa wa Kannawa, mji wa Beppu, majibu yote manne ni hapana.

Kemia ya maji ya jotoardhi, yaani maji yaliyopata moto chini ya ardhi, ndiyo kazi yangu. Nimekulia Naivasha, nikaajiriwa kuchukua sampuli za maji na mvuke kwenye visima vya umeme wa jotoardhi vya Olkaria, Kenya, na sasa nasoma Chuo Kikuu cha Kyushu, Fukuoka, ambako kozi za jotoardhi kwa wageni zilianza 1970. Kwa hiyo nitasema mengi kuhusu maji na machache kuhusu mito ya kulalia na mapazia. Nilikwenda na mwenzangu wa darasani anayetoka Mbeya, dada aliyenizidi umri, mtu wa kujistahi ambaye hapendi hata kuvua mtandio mbele za watu. Maoni yake yamo humu pia, kwa sababu najua wengi wanaosoma watakuwa na wasiwasi kama wake.

Jina la nyumba yenyewe siliandiki. Mama mwenye nyumba, ambaye kila mtu humwita okami, aliniomba nisilitaje: vyumba vyake havifiki kumi, anafanya kazi na mumewe na binti yao, na wateja wake wengi ni wazee wanaorudi kila mwaka. Nimeheshimu ombi hilo. Lakini Kannawa ina nyumba nyingi za namna hii, na nitakayoyasema yatakusaidia kuichagua iliyo nzuri.

Kutoka stesheni ya Hakata, Fukuoka, treni ya Sonic hukufikisha Beppu kwa saa mbili hivi. Nje ya stesheni kuna sanamu ya mzee aliyeinua mikono juu kama anayekimbilia wageni: ni Aburaya Kumahachi, mfanyabiashara aliyefariki 1935, aliyeutangaza mji huu Japani nzima na kuanzisha mabasi ya kutembeza watalii yenye wasichana wa kutoa maelezo njiani. Ukitokea mlango wa magharibi, basi la Kannawa linapanda kilima kwa muda usiofika nusu saa. Utajua umefika kabla ya dereva kutangaza. Mvuke unatoka kwenye mabomba ya mapaa, kwenye mitaro, kwenye nyufa za ukuta wa mawe, na harufu ya kibiriti inaingia ndani ya basi mlango ukifunguliwa tu.

Mji wa Beppu una visima na chemchemi zaidi ya 2,000, umegawanyika katika mitaa minane ya maji moto, na Kannawa ni mmoja wao. Mvua inayonyesha kwenye mlima Tsurumi, wenye mita 1,375, na kwenye mlima Garan ulio jirani yake, huzama ardhini, hupata moto wa volkano, na hurudi juu ya ardhi baada ya miongo kadhaa. Ina maana maji uliyokaa ndani yake jioni yalinyesha kama mvua wazee wa leo walipokuwa vijana. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Kyoto kilianzisha hapa Beppu kituo cha utafiti wa jambo hilo, na jengo lake la matofali mekundu lipo hadi leo.

Sasa nyumba. Unavua viatu mlangoni, unapewa ndara. Ndara unaziacha unapokanyaga mkeka wa tatami, na chooni kuna ndara nyingine ambazo hazitoki humo. Chumba hakina kitanda: meza fupi, matakia, birika la chai, na yukata mbili zilizokunjwa, yaani kanzu nyepesi za Kijapani za kufunga kwa mshipi. Yukata huvaliwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia; kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti, na okami alikuja mwenyewe akatutengeneza vizuri mbele ya kioo, kwa mikono ya upole. Baridi ya Januari ilikuwa kali, akatuongezea makoti mafupi ya pamba. Magodoro ya futoni yalitandikwa tulipokuwa tunakula. Kuhusu chumba nimemaliza. Ni safi, ni kidogo, kinatosha.

Bafu la wanawake liko chini, mwisho wa ukumbi, nyuma ya pazia jekundu. Jioni ya kwanza upande wetu ulikuwa ule wenye hodhi la nje. Asubuhi walibadilisha mapazia, wanaume wakaenda huko na sisi tukapata hodhi la ndani. Nyumba nyingi hufanya hivyo ili kila mgeni aonje yote mawili, kwa hiyo tazama pazia kila unapoingia.

Hakuna nguo ndani ya maji. Hakuna vazi la kuogelea, hakuna leso, hakuna taulo. Unapewa kitaulo kidogo cha kujisitiri unapotembea, na ukiingia hodhini unakiweka kichwani au ukingoni. Kabla ya hapo unakaa kwenye kigoda mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni kuanzia shingo hadi nyayo, unajisuuza mpaka povu lote liondoke, halafu unachota maji ya hodhi kwa kata ya mbao na kuyamwaga miguuni, mapajani, mabegani, ili mwili uzoee joto. Nimeona watu wakiharakisha hatua hii. Wasiharakishe. Hodhi lile halina klorini hata tone. Usafi wake unatokana na mambo mawili tu, maji mapya yasiyokatika na watu walioingia wakiwa wameshaoga. Yule bibi mzee aliyekuwa kigoda cha pembeni alijisugua kwa muda mrefu kuliko aliokaa majini, na alipomaliza alisuuza kigoda na beseni akavipanga kwa ajili ya mwingine.

Maji yenyewe. Cheti kinasema ni ya chumvi, sodiamu na kloridi, yenye silika nyingi, na kisimani yana digrii 98. Mtu hawezi kuoga humo. Hodhini yanatakiwa yawe 42 hivi. Njia rahisi ni kufungua bomba la maji baridi, na nyumba nyingi hufanya hivyo. Hapa hawafanyi. Maji yakitoka kisimani hutenganishwa na mvuke kwenye tangi dogo lililo uani, kisha hupita kwenye mfereji wa mbao ulio wazi, unaozunguka ukuta wa nyuma kwa kupinda mara kadhaa, yakipoa kwa hewa. Mwisho wa mfereji kuna kizibo cha mti. Mume wa okami hukilegeza au kukikaza kufuatana na baridi ya siku, na maji huanguka hodhini kwa uzi mwembamba usiozidi kidole. Uzi huo ndio kipimo cha joto: ukiongezwa, hodhi linawaka, ukipunguzwa, linapoa. Nilikaa nikiutazama kwa muda mrefu. Kule kazini tuna vali za chuma zenye vipimo, na hapa kazi hiyo hiyo inafanywa na kipande cha mti na mtu anayeijua nyumba yake.

Hodhi limejaa hadi kwenye mdomo. Ukiingia, maji ya ujazo wako yanamwagika sakafuni na kwenda mtaroni. Ukitoka, kina kinashuka kidogo na kupanda taratibu. Hiki ndicho kitu cha kutafuta: maji yamwagike saa zote na yasirudi. Wajapani husema gensen kakenagashi, na ukiyaona maneno hayo kwenye tangazo la nyumba, tazama kama cheti cha ukutani kinakubaliana nayo.

Ngozi ilihisi utelezi mwepesi, midomo ikaonja chumvi. Chumvi ile hubaki juu ya ngozi kama utando na kuzuia jasho lisikauke upesi, ndiyo maana nilipotoka kwenye baridi ya kuganda nilikuwa na joto hadi wakati wa kulala. Maji mapya ni meupe kabisa, unaona kucha za miguu. Lakini kwenye hodhi la nje, ambalo uzi wake ni mwembamba zaidi na maji hukaa muda mrefu, yalikuwa yameanza kupata ubuluu. Hakuna rangi iliyotiwa. Ni silika: maji yakipoa, inajikusanya kuwa chembe ndogo mno zinazoutawanya mwanga, na macho yanaona buluu. Bwawa la kuogelea la Olkaria lina rangi ile kwa sababu hiyo hiyo, na nilipoketi pale shingo ikiwa nje na theluji nyepesi ikidondoka niliona fahari ya kweli juu ya kazi tunayoifanya nyumbani.

Sitamwahidi mtu kwamba maji haya yanaponya ugonjwa. Joto hulegeza misuli, maji hubeba uzito wa mwili, na goti linalouma hupumzika. Hayo nimeyaona na nayasimamia. Mwenye presha, mwenye matatizo ya moyo au mjamzito amwulize daktari wake kwanza. Dakika kumi zinatosha kwa mara moja. Kunywa maji kabla na baada, usiingie baada ya pombe, na ukitoka inuka polepole.

Dada wa Mbeya hakuingia bafu la pamoja, na hakuna aliyemlazimisha. Nyumba ina bafu la tatu, dogo, linaloitwa la familia: chumba chenye hodhi la mawe la watu wawili au watatu, ambalo mgeni hulichukua kwa dakika 45 bila malipo ya ziada na kugeuza kibao mlangoni kuonyesha kwamba lina mtu. Tulipofika mlangoni alisimama akashika kitasa.

"Mdogo wangu, lina komeo?"

"Lipo, dada. Kwa ndani."

"Basi mimi leo naoga."

Aliingia peke yake, mimi nikakaa kwenye benchi la ukumbini na soksi zangu za sufu. Alitoka muda wake ulipokaribia kwisha, uso unang'aa. Akaketi kando yangu, akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Songwe maji kama haya yanatoka bure, na sisi tunayapita kwa gari." Usiku huo alirudi tena, na alfajiri tena. Kwa hiyo nawaambia akina mama, Waislamu, na yeyote anayetaka faragha: usiache kwenda kwa sababu ya bafu la pamoja. Tafuta nyumba yenye bafu la familia, maji ni yale yale. Bafu hilo ni suluhisho pia kwa mwenye tatuu, kwani sehemu nyingi za Japani bado zinakataa tatuu kwenye bafu la pamoja. Na mwenye hina au piko mikononi aeleze mapema, maana kwa mtu asiyeijua inaweza kudhaniwa tatuu.

Mambo ya nywele: misuko ifungwe juu kabisa, isiguse maji. Nilivaa kilemba chepesi na hakuna aliyenisemesha. Mikufu na pete za fedha ziache chumbani, gesi ya kibiriti huzifanya nyeusi kwa usiku mmoja.

Uani kuna kitu kilichonipendeza karibu sawa na bafu. Ni majiko ya mvuke, masanduku ya mawe na saruji yenye matundu ya kutumbukizia vikapu, mvuke wa kisima ukipita chini yake mchana na usiku. Zamani wakulima na wavuvi wa pande za Bahari ya Ndani ya Seto walikuwa wakimaliza kuvuna, wanapanda mashua na mchele wao, wanakuja Beppu kukaa majuma kadhaa wakioga na kujipikia. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili yao, na baadhi bado hupokea mgeni wa kujipikia. Tulinunua viazi vitamu, kabichi, mayai na kamba kwenye duka la chini ya kilima. Okami alituonyesha namna ya kufungua vali, akatupa glovu nene, akatuachia. Kiazi kitamu kilichoiva kwa mvuke ule kina ladha nzito, na chumvi kidogo sana inayopanda na mvuke imekwisha kukikolea. Dada alipika kabichi, akaila bila kitu kingine. Asiyelala Kannawa anaweza kwenda jengo la umma la kupikia kwa mvuke lililopo mtaani, akalipia jiko kwa dakika.

Chakula cha jioni kilikuwa cha Oita hasa: samaki mbichi aliyelowekwa kwenye mchuzi wa soya na ufuta, kuku wa kukaanga ndani ya unga laini, supu ya miso yenye mikanda minene ya unga wa ngano, uyoga mkavu wa shiitake ambao mkoa huu unaongoza nao Japani, na ndimu yao ya kijani, kabosu, ya kukamulia kila kitu. Nilikula nikashiba. Kwa Mwislamu nasema hivi: mchuzi mwingi wa Kijapani hutiwa pombe ya mchele au mirin, pombe tamu ya kupikia, na nyama ya nguruwe huonekana mara kwa mara kwenye vikapu vya mvuke. Tuliandika wakati wa kuhifadhi chumba kwamba mmoja wetu hali vitu hivyo, na dada alitengewa sinia lake la samaki wa chumvi, tofu, mboga na mayai. Kulisema mlangoni siku ya kufika kungekuwa kuchelewa, kwa sababu okami hununua kulingana na orodha ya wageni.

Yasiyoniridhisha yapo. Chakula ni saa 12 jioni kamili, kifungua kinywa ni saa 2 asubuhi kamili, na anayechelewa anakula kilichopoa. Sehemu ya kujisugulia kwenye bafu la nje ina paa lakini haina ukuta upande mmoja. Januari, kwenye kigoda, ukiwa umelowa, inauma. Sakafu karibu na hodhi imefunikwa na ukoko wa silika unaoteleza ukilowa, na hakuna cha kushika. Kwa nyumba inayotegemea wageni wazee, kishikio kimoja cha mbao ukutani kingekuwa jambo la lazima, na nilimwandikia okami hivyo kwenye kadi ya maoni. Ngazi ni kali, lifti hakuna. Kuta ni nyembamba.

Ukoko huo una historia yake. Mume wa okami alinikuta nimeinama kwenye tangi la uani nikichungulia, na binti yao akanisaidia kueleza kazi yangu. Akaenda banda la nyuma akarudi na kipande cha bomba alichokikata. Bomba la upana wa ngumi lilikuwa limebaki na tundu la kupita kidole, lililobaki lote ni jiwe jeupe lenye pete kama za mti. Husafisha mabomba mara kwa mara na mengine huyatupa kabisa. Nilikishika kile kipande nikakumbuka mabomba yetu ya kurudishia maji ardhini, ambako silika ile ile hutusumbua usiku na mchana. Kila asubuhi, saa ya katikati ambapo wageni wametoka, yeye hufungua hodhi, humwaga maji yote, husugua mawe kwa brashi, na kulijaza upya kwa ule uzi mwembamba. Kuna pia daftari. Okami huandika humo joto la kisima na wingi wa maji kila siku, kazi aliyorithi kwa mama mkwe wake. Nimefanya kazi na takwimu za visima miaka mingi, na ningefurahi sana kupata daftari kama hilo kwa kila chemchemi ya Bonde la Ufa.

Hapa ndipo penye jambo linalonigusa. Beppu ndiko Japani ilikojaribu kwa mara ya kwanza kuzalisha umeme wa jotoardhi, mwaka 1925, na jaribio lile lilitoa zaidi kidogo ya kilowati moja. Leo kituo kikubwa kuliko vyote nchini, Hatchobaru, kipo mkoa huu huu wa Oita, na mitambo yake miwili ya 1977 na 1990 ina uwezo wa megawati 110. Hata hivyo wenye onseni wengi wanapinga visima vipya, wakihofia maji yao yatapungua. Mimi ni mtu wa visima na nawaelewa kabisa. Mwenye daftari la miaka ana haki ya kuuliza, na mwenye mtambo ana wajibu wa kumjibu kwa vipimo. Kwetu, kutoka Bogoria hadi Songwe, watu walio karibu na maji moto hawana daftari, kwa hiyo siku yakipungua hawatakuwa na la kushika mkononi. Maji tunayo. Kinachokosekana ni kigoda, bomba la kujisafishia kwanza, karatasi ya uchambuzi ukutani, na mtu anayesugua mawe kila asubuhi. Hakuna kimojawapo kinachohitaji mabilioni.

Ukiwa Kannawa usikose bafu la mvuke la mtaa, Kannawa Mushiyu, linalosemekana kuanzishwa na mtawa Ippen mwaka 1276. Unainama kupita kimlango kidogo, unaingia chumba cha mawe chenye giza, unalala juu ya majani yenye harufu nzuri yanayoitwa sekisho huku mvuke ukipanda kutoka chini. Dakika nane zilinitosha. Hapo unavaa nguo, kwa hiyo dada naye aliingia. Hyotan Onsen, iliyoanzishwa 1922, ina mnara wa matawi ya mianzi ambao maji yanayokaribia kuchemka humwagikia juu yake na kufika chini yakiwa chini ya digrii 50 kwa sekunde chache bila kuongezwa tone la maji baridi. Nilisimama chini yake nikapiga hesabu za joto mpaka dada akanivuta. Umi Jigoku, dimbwi la buluu kali lenye digrii 98, ni la kutazama tu. Mjini chini, Takegawara Onsen ilifunguliwa 1879 na jengo lake la sasa ni la 1938; kiingilio kilikuwa yeni 300, maji ni moto kweli kweli, na upande wa pili wanakufukia katika mchanga wenye joto ukiwa umevaa yukata.

Niliwahi pia kuoga kwenye hoteli kubwa ya kisasa, mkoa mwingine, yenye hodhi la kupendeza na mandhari ya bonde zima. Harufu ya klorini ilinipokea mlangoni, na cheti kilisema ukweli wake: yanazungushwa, yanapashwa moto, yanatiwa dawa. Hawakuvunja sheria na kwa umati ule sioni njia nyingine. Lakini ukilipa fedha ya onseni ujue unalipia nini.

Tulilipa yeni 14,000 kila mmoja kwa usiku, karibu shilingi 12,000 za Kenya, milo miwili ndani yake, na kodi ndogo ya kuoga inayotozwa na mji. Kwa nilichokipata ni bei ya haki, na kati ya sehemu zote nilizooga Japani ndipo ninapopendekeza kwanza. Usipojua Kijapani, nenda kaunta ya watalii ndani ya stesheni ya Beppu uwaombe wakupigie simu: ryokani ya familia mtaa wa Kannawa, kakenagashi, bafu la familia lenye komeo, majiko ya mvuke uani, na vyakula usivyokula. Epuka mwisho wa juma wa Novemba, wakati majani yanapobadilika rangi, na omba chumba kisichopakana na tangi la mvuke, kwa sababu linavuma usiku kucha.